Kumtetea Mtoto Mwenye Ulemavu Katika Shule za Marekani: Maswali Ambayo Wazazi Wetu Huuliza Mara kwa Mara

Kikao changu cha kwanza kilikuwa na watu saba upande ule wa meza, na upande huu mimi peke yangu. Karatasi zilikuwa kurasa ishirini na kitu, zote Kiingereza. Mkalimani alikuwa kwenye simu na sauti ilikuwa inakatika. Nilielewa labda robo ya maneno, nikasema asante, nikaweka sahihi pale kidole cha mwalimu kilipoonyesha. Niliona hiyo ndiyo heshima. Kwetu mwalimu akisema, amesema. Ilipita karibu mwaka ndipo nikajua nilichokubali siku ile: dakika 30 kwa wiki za mtaalamu wa usemi, kwa mtoto ambaye alikuwa bado hawezi kutamka jina lake likaeleweka.

Siku hizi nakaa kwenye meza hizo kama mkalimani, na mara nyingine kama msindikizaji wa wazazi waliotoka Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila wiki, kwenye simu, nje ya kanisa, na kwenye foleni ya dukani.

Shule ya umma inaweza kumkataa mtoto wangu kwa sababu ya ulemavu?

Haiwezi. Sheria ya shirikisho iitwayo IDEA inamlinda. Mzizi wake ni sheria ya mwaka 1975, iliyopitishwa baada ya Bunge la Marekani kukiri kwamba zaidi ya watoto milioni 1 wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Jina la IDEA lilikuja mwaka 1990, na mwaka 2004 ikafanyiwa marekebisho makubwa. Inasema kila mtoto mwenye ulemavu kuanzia miaka 3 hadi 21 ana haki ya elimu ya bure inayomfaa, na mzazi ni mmoja wa wanaoipanga elimu hiyo. Wewe si mgeni mwalikwa pale mezani. Una kiti chako kwa mujibu wa sheria.

Shika vizuri neno "inayomfaa". Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya binti kiziwi wa New York aitwaye Amy Rowley, kwamba shule hailazimiki kumpa mtoto elimu iliyo bora kuliko zote. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo, kwa kauli moja, iliamua kesi ya Endrew F., mvulana mwenye usonji kutoka Colorado, na kusema kwamba faida ya chembechembe haitoshi: mpango lazima uwe umeandaliwa kumwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake. Kwa hiyo ukifika kikaoni usiseme "nataka kilicho bora kabisa kwa mwanangu", ingawa moyoni ndivyo ilivyo. Sema "hiki hakimfai, na ushahidi ni huu hapa". Maneno hayo ya pili yana sheria nyuma yake.

Makaratasi yetu ya uhamiaji hayajakamilika. Haki hizi ni zetu pia?

Ndiyo. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Na akishakuwa mwanafunzi, IDEA inamhusu kama inavyomhusu mtoto wa jirani.

Kila mtu anasema IEP, IEP. Ni kitu gani?

Ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja, ulioandikwa kwa ajili yake yeye tu. Ndani yake unapaswa kukuta yuko wapi leo kimasomo na kitabia, malengo ya mwaka yanayopimika, huduma atakazopewa, ni dakika ngapi, mara ngapi, chumba gani na nani atazitoa, atasaidiwaje kwenye mitihani, na utaletewaje taarifa ya maendeleo yake. Unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na mtoto hutathminiwa upya angalau kila baada ya miaka 3, isipokuwa wewe na shule mkubaliane kwamba hakuna haja.

Ukishika karatasi hiyo, nenda kwanza kwenye malengo. "Atasoma vizuri zaidi" si lengo. Hakuna atakayejua kama limetimia. "Kufikia mwezi wa tano atasoma maneno 60 kwa dakika katika kitabu cha darasa la pili, akikosea yasiyozidi matano", hilo ni lengo, kwa sababu mwezi wa tano ukifika unaweza kumwekea kitabu na kuhesabu.

Kuna pia mpango wa 504, unaotokana na sheria nyingine ya mwaka 1973. Huo mara nyingi ni wa mwanafunzi asiyehitaji kufundishwa kwa namna maalumu bali marekebisho: mwenye kisukari anayehitaji kutoka darasani kupima sukari, kwa mfano. Shule ikikupa 504 wakati mtoto hawezi kusoma kabisa, uliza kwa nini si IEP.

Nianzie wapi?

Anza na barua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi lililosemwa mlangoni wakati wa kumchukua mtoto hupotea hivyohivyo. Mwalimu atakusikiliza kwa moyo wote, kisha atahamishwa, na mwaka ujao hakuna atakayekumbuka.

Sheria haisemi barua lazima iwe kwa Kiingereza. Ukiweza, andika kwa lugha zote mbili. Maneno kama haya yanatosha:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, wa darasa fulani. Ninaomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA, katika maeneo yote ambako ulemavu unashukiwa. Nyumbani ninaona shida hizi. Ninaomba tathmini izingatie lugha anazozungumza, na mimi nipewe mkalimani wa Kiswahili. Nipeni fomu ya ridhaa niisaini. Ninaomba jibu kwa maandishi."

Tia tarehe. Piga picha kwa simu yako. Mpelekee mkuu wa shule na uombe nakala yako igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa, au itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Saa ya siku 60 za kukamilisha tathmini haianzi siku ya barua. Inaanza siku shule inapopokea ridhaa yako iliyosainiwa, na majimbo mengine yamejiwekea muda wao. Ndiyo maana kwenye barua tunaomba fomu ya ridhaa papo hapo. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika IEP lazima kifanyike ndani ya siku 30. Na shule ikikataa kumtathmini, inalazimika kukuandikia sababu. "Tutaona" ya mdomo si jibu.

Shule inasema shida ni Kiingereza tu, tusubiri mwaka mmoja au miwili.

Hapa pana ukweli wa pande mbili. Sheria inakataza kumwita mtoto mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, au kwa sababu hakufundishwa kusoma. Mtoto aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, katika darasa lililofurika, aliyekosa shule miaka miwili njiani, hana ulemavu kwa hilo. Anahitaji kufundishwa. Nimeona watoto wa namna hiyo wakipelekwa elimu maalumu kwa haraka isiyo na haki, na hilo nalo ni la kupinga.

Lakini nimeona zaidi kinyume chake: mtoto anasubirishwa miaka mitatu, na kila mwaka jibu ni Kiingereza. Wewe ndiye mwenye kipimo ambacho shule haina. Kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru au Kirundi, anaweza kusimulia kilichotokea jana? Ukimwambia "nenda jikoni uniletee kikombe na mwiko", anarudi na vyote viwili, na kimoja, au amesimama jikoni amesahau? Wadogo zake wamempita katika kuongea? Alichelewa kutembea, aliwahi kuugua malaria kali au degedege? Shida ikiwepo hata katika lugha ya mama, si Kiingereza. Yaandike hayo kwenye barua.

Vilevile shule hairuhusiwi kutumia programu zake za kumsaidia kusoma kama sababu ya kuchelewesha tathmini uliyoiomba, wala kukwambia achague kati ya somo la Kiingereza kwa wageni na elimu maalumu. Anayehitaji vyote viwili apewe vyote viwili.

Walimpima kwa Kiingereza na wakasema akili yake ni ndogo. Nifanyeje?

Hili lilinipata. Mwanangu alionyeshwa picha ya kigari cha watoto cha kutelezea kwenye theluji. Tulikuwa tumefika nchini mwezi wa sita, theluji hajaiona. Akanyamaza, akaandikiwa sifuri. Kama angeonyeshwa kinu na mchi angeeleza mpaka jinsi shangazi yake anavyotwanga sombe.

Sheria inataka vipimo vifanywe kwa lugha ya mtoto, kwa namna itakayotoa taarifa sahihi za anachojua na anachoweza, isipokuwa kama ni dhahiri haiwezekani. Inakataza pia kumhukumu kwa kipimo kimoja tu. Usipokubaliana na tathmini ya shule, unaweza kuomba tathmini huru, ifanywe na mtaalamu asiyeajiriwa na wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lenu, kwa gharama ya wilaya hiyo. Wakiombwa hivyo wana njia mbili: walipe, au wafungue shauri kuthibitisha kuwa tathmini yao ilikuwa sawa. Wanaweza kukuuliza kwa nini unapinga, lakini hulazimiki kujieleza.

Mwanangu mkubwa anajua Kiingereza. Si anaweza kutafsiri kikaoni?

Tafadhali, usikubali. Nilishamwona binti wa miaka 13 akiwa katikati ya mama yake na wataalamu sita, akitakiwa kutafsiri kwamba mdogo wake huenda asiishi peke yake maishani. Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mama yake, "Wanasema anaendelea vizuri." Nani atamlaumu? Alikuwa anamlinda mama.

Shule ina wajibu wa kuhakikisha unaelewa kinachosemwa kikaoni, na kukuletea mkalimani ikihitajika. Mkalimani halipwi na wewe. Sema mapema unataka lugha gani, maana kuna wanaoona neno Kongo kwenye faili wakaandika Kiswahili, na mama anaelewa Kibembe tu. Mkalimani asipofika, au simu ikikatika kila dakika, omba kikao kiahirishwe na waandike kuwa kiliahirishwa kwa sababu hiyo.

Nijiandaeje kwa kikao?

Siku kadhaa kabla, omba kwa maandishi uone faili lote la mtoto. Wanatakiwa kukupa bila kuchelewa, kabla ya kikao chochote cha IEP, na kwa vyovyote si zaidi ya siku 45. Omba pia rasimu ya mpango kama ipo.

Usiende peke yako. Sheria inakuruhusu kuja na mtu mwenye kumjua mtoto au mwenye ujuzi unaomhusu: dada yako anayekaa naye, mchungaji, jirani aliyepitia haya. Hata asiposema neno, akae karibu nawe na aandike.

Na nenda na kitu cha kuonyesha. Mama mmoja kutoka Fizi, Kongo, aliambiwa kikaoni kwamba mwanawe hawezi kuhesabu kupita tatu, hivyo lengo la mwaka liwe kuhesabu hadi tano. Mama hakubishana. Alitoa simu, akawaonyesha video aliyochukua jikoni: mtoto amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuuza sahani, anazihesabu moja moja kwa Kibembe, zinafika kumi na moja. Meza yote ikakaa kimya. Mwalimu wa elimu maalumu akaiomba aiangalie tena, kisha akalifuta lile lengo mbele yetu sote na kuanza kuandika jipya.

Mle ndani, usipoelewa neno, simamisha. "Nieleze tena" si utovu wa adabu hapa. Nawaambia akina baba hasa, ambao huona aibu kuuliza mbele ya wanawake wasomi: ukimya wako unasomeka kama umeridhika.

Ni lazima nisaini siku hiyohiyo?

Hapana. Sema unaenda nayo nyumbani, usomewe, na utarudisha jibu. Soma pia unasaini nini, kwa sababu kuna sahihi ya mahudhurio, yaani ulikuwepo tu, na kuna sahihi ya ridhaa. Tathmini ya kwanza haiwezi kufanyika bila ridhaa yako, na huduma za kwanza haziwezi kuanza bila hiyo. Baada ya hapo, kwa sheria ya shirikisho, shule inaweza kubadili mpango hata usiposaini, mradi imekupa taarifa kwa maandishi. Kwa hiyo ukiwa hukubaliani na mabadiliko, kutosaini peke yake hakutoshi. Andika kwamba hukubali, na kipi hasa hukikubali.

Naogopa akiitwa mlemavu atatengwa, na jamii yetu itasema ni laana.

Najua hofu hiyo. Nimesikia watu wakisema ni mizimu, ni dhambi ya mama, ni uchawi wa shangazi. Nimemwona mtoto mwenye kupooza ubongo akifungiwa chumbani wageni wakija. Mtoto huyo hakumkosea mtu, na mama yake vilevile.

Kuhusu kutengwa, sheria iko upande wako. Mtoto anatakiwa kusoma na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyowezekana, na kumtoa darasani kunaruhusiwa tu pale ambapo hata akiwekewa msaada haiwezekani. Wakipendekeza darasa la pekee, waulize: ni msaada gani mlijaribu kumpa akiwa darasa la kawaida, kwa muda gani, na matokeo yako wapi? Yapo madarasa ya pekee yanayosaidia kweli, siyakatai. Ila yasiwe mahali pa kuanzia.

Kila siku napigiwa simu nikamchukue kwa sababu ya fujo. Nakaribia kupoteza kazi.

Andika kila simu: tarehe, saa, nani alipiga, alisema nini. Kumrudisha mtoto nyumbani mapema mara kwa mara kunaweza kuhesabiwa kama kumsimamisha shule, hata kama hakuna karatasi. Akipata zaidi ya siku 10 za kusimamishwa mfululizo, au zikijumlishwa na kuonyesha mtindo uleule, shule lazima iitishe kikao ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi huo, kujibu swali moja: kitendo kilitokana na ulemavu wake, au na shule kutotekeleza IEP? Jibu likiwa ndiyo, anarudi darasani kwake na anaandaliwa mpango wa tabia, isipokuwa mambo ya silaha, dawa za kulevya au kumjeruhi mtu vibaya, ambayo yana utaratibu wake.

Ukipigiwa tena, uliza kwa upole: "Mnamsimamisha rasmi? Nipeni karatasi." Mara nyingi simu hupungua.

Tumeshindwa kukubaliana kabisa. Nipeleke wapi?

Kwanza omba kikao kingine kwa maandishi, maana mengi huishia hapo. Ikishindikana, kuna usuluhishi, ambao ni wa hiari na haulipiwi. Kuna malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, kuhusu jambo lililotokea ndani ya mwaka 1 uliopita. Jimbo linatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Mimi huwaelekeza wazazi huko zaidi pale shule inapokuwa haitekelezi kilichoandikwa, kwa sababu ni barua tu, huhitaji wakili. Na kuna shauri kamili mbele ya msikilizaji asiye wa shule, ambalo kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 2 tangu ulipojua au ulipotakiwa kujua tatizo. Hilo ni zito, tafuta msaada kwanza. Shauri likiendelea, mtoto hubaki mahali alipokuwa na huduma alizokuwa nazo, isipokuwa mkubaliane vingine au ni zile kesi za nidhamu.

Shule haina ruhusa kulipiza kisasi kwa sababu umedai haki ya mtoto.

Nitalipa nini?

Tathmini ya shule, IEP, huduma na usafiri ulioandikwa kwenye mpango ni bure. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na habari kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinachofadhiliwa na serikali ya shirikisho, na msaada wake haulipiwi. Piga simu, taja lugha yako. Mtu akikudai maelfu ya dola ili "akupatie IEP", achana naye.

Mtoto wangu hajafika miaka 3.

Usisubiri shule. Kila jimbo lina huduma za watoto wachanga na wadogo wenye kuchelewa kukua, na mara nyingi mtaalamu huja nyumbani. Muulize daktari wa mtoto, au piga mwenyewe. Kupimwa ni bure.

Binti yangu ana miaka 17 na wanataka ahitimu mwezi wa sita. Tufurahi?

Kabla ya kununua kitambaa cha sherehe, uliza ni cheti cha aina gani. Diploma ya kawaida ya sekondari inafunga haki yake ya elimu maalumu siku hiyohiyo, hata kama miaka 21 haijafika. Cheti cha kuhudhuria hakifungi. Watoto wengi wetu wamefika nchini wakiwa na miaka 14 au 15, wakasukumwa mbele darasa kwa darasa, na wanahitimu bila kuweza kujaza fomu ya kazi.

Kuanzia IEP itakayotumika atakapotimiza miaka 16, mpango lazima useme anaandaliwaje kwa maisha ya baada ya shule: kazi gani, mafunzo gani, atajifunza lini kupanda basi peke yake na kushika pesa zake. Kama ukurasa huo una sentensi moja tu, omba kikao kabla ya mwezi wa sita. Uliza pia kuhusu miaka 18, kwa sababu katika majimbo mengi haki hizi zote huhama kutoka kwako kwenda kwake siku ya kuzaliwa, na shule inatakiwa kumwambia hivyo angalau mwaka mmoja kabla. Binti yako ana miaka 17 tayari. Kama hajaambiwa, hilo liwe la kwanza kwenye barua.